Masikio ya Kinyozi Jirani

Tarehe 4 Februari

Kwa mjukuu wangu Kidomo,

Salamu nyingi, zigawe mwenyewe, ukibakiza mpe bosi wako. Mimi mzima isipokuwa magoti: la kulia linafanya kazi, la kushoto limeomba likizo bila kuandika barua. Bibi yako hajambo. Amebadilisha mapazia ya sebuleni, sasa ni ya bluu, na hakuniuliza. Siku hizi ananiuliza machache. Paka amezaa ndani ya kabati la viatu. Watoto wote wanafanana na paka wa mwenye duka, nami nimenyamaza maana mwenye duka ananikopesha sukari.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ni ya watu wenye haraka, wanaosema jambo kabla hawajalitafuna. Mimi nimekuwa dalali wa nyumba tangu mama yako hajaota meno, na nakwambia: neno la mdomo hukanwa, la karatasi hukaa. Kwa hiyo usinipigie. Nikiiona inatetemeka naiacha itetemeke mpaka ichoke yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo, nalo si langu. Ni la kinyozi, huyu tunayepakana naye ukuta. Masikio yake yamekwisha. Mteja anasema "nipunguzie pembeni kidogo," yeye anamaliza kichwa kizima. Watu wanatoka mle wanang'aa kama mayai. Nimemwonea huruma, nikamwambia ninaye mjukuu anayekalia kiti cha kuzunguka huko mjini, kazi yake kompyuta. Maana nimesoma gazetini kuna programu ambayo ukiiweka kwenye kompyuta, mtu akisema, maneno yake yanajiandika kwenye kioo. Unakaa, unasoma, kama gazeti la mdomo wake.

Ile kompyuta uliyotuachia ipo, Bibi yako ameifunika kitambaa kama anawaficha wageni. Mtandao anao kinyozi, unapenya ukutani mpaka jikoni kwangu. Nielekeze basi inapatikana wapi hiyo programu na inaingizwaje. Andika polepole. Shule mimi niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, tulitengana kwa wema.

Ni kwa ajili ya kinyozi, usisahau.

Babu yako,
dalali mstaafu asiyestaafu mdomo


19 Februari

Babu,

Shikamoo, na goti la kushoto nalo shikamoo. Huku tu wazima. Nimehamia chumba kingine, kina dirisha, ingawa dirisha lenyewe linatazama dirisha la jirani, na jirani hupiga mswaki akinitazama.

Kuhusu kazi yangu, kwa kuwa umewatangazia watu kwamba nalipwa kwa kuzunguka kwenye kiti, ngoja nikueleze. Watu wanatuandikia: programu fulani naipata wapi? Nimeipata, sasa naiingizaje? Mimi nawatafutia ukurasa wa wenyewe walioitengeneza, nawapa kiungo, halafu nawaandikia hatua. Kiungo ni anwani tu, Babu. Ni kama ulivyokuwa unamwambia mteja: nyumba ya tatu, geti jekundu, usigonge la kijani kuna mbwa. Kuishusha programu tunaita kupakua. Kuiingiza ikakaa, tunaita kusakinisha.

Programu ya kinyozi ipo na ni ya bure. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa, bila nafasi katikati. Washa kompyuta, fungua mtandao, andika hiyo anwani, ukifika bonyeza Pakua. Faili likishashuka, libonyeze mara mbili, ufuate maelekezo. Ni rahisi.

Barua yako niliisoma kwa sauti Jumapili. Tulipofika kwenye vichwa vya mayai tulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye mto.

Nilimpigia Bibi. Nikamuuliza Babu yukoje, akasema, "Muulize mwenyewe, wewe huenda akakujibu." Kisha akakata. Kuna nini hapo nyumbani?

Mjukuu wako,
Kidomo


10 Machi

Kidomo wangu,

Salamu kutoka kwa mtu aliyevamiwa. Mapazia bado ni ya bluu. Watoto wa paka wamefumbua macho, wakanitazama, wakayafumba tena.

Sasa sikiliza maajabu. Niliwasha kompyuta jikoni, Bibi yako akiwa bafuni. Nikafungua mtandao, katikati pakatokea kisanduku cheupe, nikaandika anwani yako humo, kidole kimoja kimoja kama kuku anayedonoa. Nikabonyeza. Badala ya nyumba moja ikaja mitaa mizima! Milango juu kwa chini. Nikagonga wa kwanza kabisa, maana wa kwanza ndiye mwenye haki. Nikakuta ukurasa una kitufe cha kijani, kikubwa kama kigae, kinapepesa: PAKUA SASA! BURE! HARAKA! Mimi dalali, nikisikia bure na haraka kwenye sentensi moja najua paa linavuja. Lakini kitufe chenyewe kilikuwa kinono, Kidomo. Kilinishinda.

Nikakibonyeza. Wakaingia wapangaji ambao sikuwaita. Mmoja anapiga kelele kwamba kompyuta yangu inaumwa na dawa anayo yeye peke yake. Mwingine anasema nimeshinda gari. Halafu wakaja wanawake, wengi, wanasema wako karibu na mimi na wanataka kunifahamu. Nikawaambia nimeoa. Hawakujali. Nikajaribu kuwafunga, nikimfunga mmoja wanaingia wawili. Ndipo Bibi yako akatoka bafuni na taulo kichwani, akasimama nyuma yangu, akaona baraza lote lile la wanawake.

Akasema jambo refu. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo. Kumbe halikuwa jambo la kutikisia kichwa, maana chakula cha jioni nilikikuta kimefunikwa mezani na yeye ameshalala.

Kinyozi anauliza afanyeje.

Na wewe umeandika "rahisi". Neno hilo nilikuwa nalitumia mimi nilipokuwa nauza nyumba isiyo na choo.

Halafu jambo dogo. Jumapili ofisi yenu imefungwa. "Tulicheka", wewe na nani? Mto haunywi chai peke yake.

Babu yako


24 Machi

Babu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka jirani wa mswaki akafungua dirisha kuuliza kama niko salama.

Uligonga geti la kijani. Ule haukuwa ukurasa wa wenyewe, na kitufe kile kilikuwa tangazo. Wapo wanaokaa njiani wakingoja watu kama wewe, kama wale madalali wenzako waliokuwa wanauza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Lakini kosa na mimi ninalo. Sikukwambia uandike anwani wapi. Niliporudi kutazama barua za watu ofisini, nikakuta nusu yao wamepotea palepale ulipopotea wewe, na aliyeandika maelekezo hayo ni mimi. Nimeyaandika upya, na sasa yanaanza na onyo la kitufe kinachopepesa.

Basi, kwanza peleka kompyuta kwa fundi, mwambie awafukuze wapangaji wote, na wanawake pia. Usimwambie wabaki wawili. Ikirudi, angalia juu kabisa ya kioo, kuna mstari mrefu mwembamba. Anwani inaandikwa hapo juu, si kwenye kisanduku cha katikati. Ukurasa wa kweli hauna makeke. Kitufe chake ni kidogo, cha kijivu, kimekaa kimya. Hicho ndicho. Wakati programu inajisakinisha utaona mstari unajaa taratibu. Usizime, usipigepige, acha ujae.

Bibi nimempigia tena. Amesema, "Nimechoka kuongea na ukuta, na ukuta angalau haunitikisii kichwa." Babu, mmegombana? Nijibu hilo.

Kidomo

Chai ilimwagika tu. Mambo ya mito tuwaachie wenye mito.


15 Aprili

Mjukuu wangu mwenye mito,

Umeniruka, nimeona. Mtu akiulizwa bei ya nyumba akaanza kusifia bustani, ujue nyumba ina kasoro. Nitarudi hapo.

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha ikakoma. Watoto wa paka nimewagawa, mmoja nimempelekea mwenye duka, nikamwambia, "Chukua damu yako."

Fundi alinifukuzia wavamizi, akanicheka, nikamcheka na yeye maana amevaa viatu vya rangi mbili. Nikaandika anwani juu, kwenye mstari mwembamba. Na kweli! Nyumba ya kistaarabu, imetulia, kitufe cha kijivu kimejikalia kama mtu mwenye heshima zake. Nikapakua. Nikabonyeza mara mbili. Na hilo neno lenu la kusakinisha nimelipenda, maana kumtafutia mtu mahali akakaa ndiyo kazi iliyonilea. Nikajiona nimerudi kazini.

Ukaja ukurasa wa Masharti. Nikachukua miwani. Nimeyasoma yote, Kidomo, neno kwa neno, toka baada ya kunawa uso mpaka kivuli kilipofika mlangoni. Wanasema wao hawawajibiki kwa hasara yoyote. Wanasema wanaweza kubadili masharti wakati wowote bila kuniuliza. Wanasema nisiifungue-fungue ndani kutazama ilivyotengenezwa. Mpangaji gani huyo, anaingia nyumbani kwangu na kunikataza nisichungulie chumba chake? Chini kuna vitufe viwili: Nakubali na Sikubali.

Nikabonyeza Sikubali.

Usipige kelele. Unafahamu kazi yangu. Jibu la kwanza ni hapana, siku zote, hata kama nyumba unaitaka mpaka unaota. Ukisema ndiyo mara ya kwanza umejiuza mwenyewe. Unasema hapana, unachukua kofia, unaelekea mlangoni polepole, na huyu wa pili anakuita: "Mzee, hebu rudi tuongee." Programu ikajifunga. Nikajua inaenda kushauriana na wakubwa wake.

Basi nangoja. Kila asubuhi naiwasha kutazama kama wamelegeza. Bado hawajarudi, lakini nami nina subira, niliwahi kumngoja tajiri mmoja mpaka akaja na viatu mkononi. Kinyozi ndiye anayehangaika.

Bibi yako yuko sawa. Ameshusha sanduku kubwa la nguo, limekaa sakafuni. Nadhani anatafuta yale mapazia ya zamani.

Babu yako


2 Mei

Babu,

Shikamoo. Leo sina habari za dirisha.

Programu hairudi, Babu. Hakuna mkubwa aliyekwenda kushauriwa. Ukisema Sikubali inajifunga basi, na inaweza kukungoja mpaka dunia iishe bila kupunguza hata nukta. Hii ndiyo mara ya kwanza maishani mwako umekutana na mtu asiyeweza kubembelezwa.

Sasa jambo la pili. Namba ya simu ya kinyozi ipo kwenye bango lake, nililipiga picha mwaka jana kwa ajili ya kuchekea ile michoro. Nikampigia. Nikanong'ona kwa makusudi, kama mwizi. Alisikia kila neno, na akaniambia nipunguze redio iliyokuwa inalia chumba cha pili kwangu. Tena amekasirika. Anasema tangu mwaka uanze wateja wote wanampigia kelele sikioni, hajui ni nani amemzushia.

Kinyozi ni wewe, Babu.

Na sanduku si la mapazia. Bibi anaondoka. Mwezi wa sita ukiisha anakwenda kukaa kwa dada yake, si kutembea. Amenieleza akilia, nami sijawahi kumsikia akilia. Mwezi wa kwanza alikuja kukwambia kwamba yule rafiki yake wa tangu usichana, mshona mapazia, amefariki. Alisimama mbele yako akakwambia. Ukacheka. Ukajipiga paja, ukasema, "Safi sana, afadhali!" Akatoka. Akaenda kuzika peke yake. Yale mapazia ya bluu ndiyo ya mwisho aliyoshona yule mama.

Anaamini moyo wako umekufa. Anasema alikuwa na mume mkorofi lakini si katili.

Sikumwambia ninachokijua, maana si neno langu, ni lako. Ila viungo zaidi sikupi. Unacho kimoja, kinatosha. Utaisakinisha mbele yake, mchana, mezani, si jikoni akiwa bafuni.

Sikio la kufa halisikii dawa. La kwako halijafa, Babu, limegoma tu kwa sababu mwenyewe ni mkaidi.

Kidomo


14 Mei

Kidomo,

Nimepata.

Nilidhani ananisimulia ile hadithi ya shemeji yake kupigwa pembe na mbuzi. Huwa anaisimulia amesimama vilevile, mkono kiunoni. Nilitazama mkono, mdomo sikuutazama.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Kinyozi amekuja mlangoni kunitukana, namshukuru, alikuwa anatukana kwa mikono pia kwa hiyo sikupitwa.

Sasa kwa nini sikusema. Dalali anaishi kwa sikio, mjukuu wangu. Mume anamnong'oneza mke bei ya mwisho, wewe umewapa mgongo unasifia dirisha, na umeshaipata. Hivyo ndivyo nilivyomlisha mama yako. Na Bibi yako alinichukua mimi miongoni mwa wanaume wenye sura kwa sababu nilikuwa namjibu. Yeye anarusha, mimi narudisha. Tumerushiana maneno miaka yote hii, hatujachoka. Sasa anarusha na mimi siuoni mpira. Nyumba ikipasuka ukuta unapaka rangi, unaweka kabati mbele ya ufa. Nikaweka kabati.

Mara tatu nimemwita akae. Anakaa. Nafungua mdomo, natoa mzaha. Anainuka.

Kwa hiyo tufanye biashara. Mimi natoa langu, wewe toa lako. Jumapili ulikuwa na nani? Redio ya chumba cha pili aliiwasha nani, wakati wewe ulikuwa kwenye simu na kinyozi? Nikishajua kwamba na wewe umefungua mdomo, nitaona aibu kubaki mimi peke yangu.

Babu


27 Mei

Babu,

Shikamoo. Biashara imekubalika, natoa langu.

Ni mwenzangu wa kazini. Kazi yake ni kujaribu: nikishaandika hatua, yeye anazifuata kama mtu asiyejua chochote, akipotea naandika upya. Tangu akusome wewe anasema anaona hajui kupotea, anataka uje umfundishe. Anacheka vibaya, kama baiskeli isiyotiwa mafuta. Yeye ndiye aliyemwaga chai. Chumba chenye dirisha na kile chenye redio ni vyetu wawili, na ndoa bado, ndiyo maana nilinyamaza. Mama hajui. Sikukwambia kwa sababu ungemhoji kama mpangaji: una watoto wangapi, unapika na nini, mdhamini wako nani.

Basi nimesema, na paa halikuanguka.

Hatua zilizobaki ni chache. Faili bado limo humo, usipakue tena. Bonyeza mara mbili. Safari hii chagua Nakubali. Subiri mstari ujae. Itakuuliza kama inaruhusiwa kusikiliza, iambie ndiyo. Kinasa sauti ni kile kitundu kidogo juu ya kioo, usikizibe na kitambaa. Kisha umgeuzie Bibi kompyuta.

Kabla ya hapo kuna hatua moja ambayo siwezi kukuandikia. Hiyo haina kiungo.

Mwezi wa sita ndio huo, Babu. Usingoje wakuite mlangoni.

Kidomo


20 Juni

Mjukuu wangu Kidomo, pamoja na Baiskeli,

Salamu zenu wote wawili. Magoti yangu yamepatana. Kinyozi amenisamehe kwa sharti kwamba nizunguke mtaa mzima nikitangaza masikio yake ni mazima, nami nimezunguka, sasa watu wanadhani ananilipa.

Huyo kijana nimemkubali bila kumwona. Mtu anayelipwa kwa kupotea hawezi kukudanganya alikuwa wapi. Mama yako mwambie mwenyewe, mimi nimekuwa mtunza siri mbaya.

Sasa nikupe habari. Nilichagua siku ya Jumanne. Bibi yako alikuwa ameketi sebuleni anakunja nguo zake na kuziweka kwenye sanduku, taratibu, kona kwa kona. Nikaja na kompyuta, nikaiweka mezani. Akanitazama. Nilikuwa na mizaha mitatu tayari mdomoni, nikaimeza yote, na ilikuwa michungu. Nikasema, "Masikio yangu yamekufa. Yalianza kufa mwaka jana. Sikusikia uliponiambia kuhusu rafiki yako. Nilidhani ni ya mbuzi."

Hakusema kitu. Au alisema, mimi nitajuaje?

Nikamwonyesha barua yako ya mwanzo wa mwezi wa tano. Akaisoma amesimama. Akakaa. Akasoma tena. Kisha akanitazama jinsi alivyokuwa ananitazama nikirudi na shati lisilo na kifungo, akavuta kiti karibu na kompyuta.

Nikabonyeza mara mbili. Yakaja Masharti. Nikamweleza kwamba kuna kifungu cha saba kibaya sana, nikamwomba tukipitie pamoja. Akanyoosha kidole akabonyeza Nakubali, bila kusoma hata mstari! Nikapiga kelele, "Utatuuza!" Akanijibu kitu, na hicho sitakijua milele, maana programu ilikuwa haijakaa.

Mstari ukajaa. Ikauliza kama inaruhusiwa kusikiliza. Tukairuhusu. Kioo kikawa cheupe, hakuna kitu.

Bibi yako si mtu wa kuamini mara moja, amekaa na mimi sana. Alidhani ni hila nyingine. Akainuka, akanipa mgongo kabisa, uso dirishani kwenye yale mapazia, akasema jambo ambalo hata mwenye macho makali asingelisoma mdomoni mwake. Yakaja maneno yenyewe, moja moja, kama watu wanaotoka kwenye lifti:

Huyu mzee ana kichwa kama kitasa kilichoota kutu.

Nikamjibu, "Kitasa cha kutu ndicho wezi hukikimbia."

Aligeuka polepole. Kidomo, sijamwona akigeuka hivyo tangu tulipokuwa wachumba. Akasema, yakaandikwa: Umesikia? Nikasema, "Nimesoma." Akasema: Sema tena. Nikasema tena. Akakaa, akalia, na hiyo kompyuta yako haijui kuandika kilio, ilibaki nyeupe tu. Nikangoja. Safari hii sikutikisa kichwa.

Halafu akaniambia upya. Rafiki yake aliugua vipi, mapazia aliyamaliza akiwa kitandani, nani alikuja kuzika na nani hakuja. Maneno yalikuja na mimi niliyasoma yote. Lilipokuja neno "amefariki" nilivua miwani, maana ilikuwa imejaa maji, nikamwomba asubiri, akasubiri. Nikasema pole niliyopaswa kuisema mwezi wa kwanza. Imechelewa kama barua za posta, lakini ameipokea.

Usidhani sasa ni asali. Jana tumegombana. Tumegombana vizuri sana! Kisa ni mimi kuweka kompyuta juu ya unga. Yeye akarusha, nikarudisha, akarusha, nikarudisha, nimejisikia kijana. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeanza." Akasema mimi. Kumbe hiyo programu inaweka kila kitu, ukisukuma juu unaona yaliyosemwa tangu asubuhi! Tukainama wote wawili kwenye kioo, mashavu yanagusana, tunasukuma juu kutafuta nani alianza. Alikuwa yeye. Akafuta ushahidi. Nimemwita mwizi, akasema nithibitishe.

Nguo amezitoa sandukuni zote, zimelala kitandani, anasema kazirudishe kabatini wewe uliyezifanya zitoke. Nimekunja nne. Anasema nimekunja kama mtu anayefunga samaki kwenye gazeti.

Ile kazi yako ya kuwaelekeza watu, endelea nayo. Ila kwenye hatua zako ongeza moja, kwamba mtu mkaidi asiachwe peke yake na kitufe cha Sikubali.

Ninakatisha hapa. Bibi yako amesimama mlangoni, mdomo unakwenda, mkono uko kiunoni, na kompyuta iko sebuleni. Ngoja niende nikasome.

Babu yako